Uso wa Maman Viviane Bado Unauza Chupa Sokoni

Saa moja asubuhi, mvua ya usiku imeacha matope mekundu mbele ya kibanda, na Viviane Vahwere anapanga vipande vya mbao ili wateja wapate pa kukanyaga. Juu ya bati ameegesha paneli za sola. Ndani kuna betri za lori, nyaya zilizosokotana, na ubao mrefu wenye simu zinazosubiri kuchajiwa. Hospitali haiko mbali, kwa hiyo wateja wake wengi ni watu wanaouguza.

Wa kwanza leo ni kijana wa pikipiki. Anatoa simu yake, lakini hamkabidhi Viviane. Anaiweka juu ya ubao, anarudi nyuma kidogo na kuangalia pembeni.

"Unaweza kunipatia mu mukono," Viviane anamwambia. "Haiambukize."

Kijana anacheka kwa aibu, anawasha pikipiki, anaondoka.

Uso wa Viviane una rangi ya majivu yaliyolowa. Paji la uso, mashavu, shingo na mikono, vyote ni vya kijivu chenye ubuluu, na kucha zake ni kama za mtu aliyeshikwa na baridi kali. Anapandisha mkono wa blauzi hadi karibu na bega. Huko juu, ambako jua halifiki, ngozi haijaharibika sana, bado ina ukahawia wake.

"Hii njo rangi Mungu alinipatia," anasema. "Ile ingine ni ya Tharcisse."

Nyuma yake, kwenye rafu, kuna chupa ndogo ya plastiki. Karatasi iliyobandikwa juu yake ina picha ya mwanamke mwenye kitenge cha manjano na ngozi inayong'aa, anacheka mpaka mwanya wa meno yake ya juu unaonekana. Chini ya picha pameandikwa: "Nuru ya Mwili. Mi nilipona."

Mwanamke wa kwenye picha ni Viviane. Chupa za namna hiyo zinauzwa leo hii hapa Bunia, mashariki ya Kongo, na Komanda, na wasafirishaji wanazipeleka hadi Nia-Nia. Mwenye uso amekataa, ameomba, amelia, lakini uso wake unaendelea kufanya biashara bila yeye.

Viviane ana miaka arobaini na mitatu. Yeye na mumewe, Paluku, walikuja Bunia wakikimbia mauaji ya upande wa Beni. Paluku alikuwa fundi wa betri. Lori lilipompindukia njiani, alimwachia mkewe watoto wanne, kibanda na ujuzi wa kujua betri iliyokufa na betri inayojifanya imekufa.

Viviane hakuwa tajiri, lakini hakuomba mtu chumvi. Kuchaji simu moja ni faranga mia tano, na siku ya jua kali alikuwa akirudi nyumbani na elfu arobaini mfukoni. Siku hizi akipata elfu kumi na tano anamshukuru Mungu.

Tharcisse alifika kama mteja wa kawaida. Alikuwa na koti jeupe, viatu vilivyopigwa rangi na Kifaransa cha haraka. Kila mtu alimwita Docteur. Daktari wa nini, hakuna aliyeuliza. Ndiyo tabia yetu hiyo: mtu akivaa koti jeupe na kutamka maneno matatu marefu, tunampa kiti kabla hajasema ametoka wapi.

Alisema amehudhuria semina nje ya nchi, na huko amefundishwa kutengeneza maji yenye chembe za madini ya fedha, yaani yale yale yanayofuliwa hereni na pete. Maji hayo, kwa maelezo yake, yanaponya homa ya matumbo, malaria, vidonda vya tumbo, kikohozi, macho na hata ugumba. Alichohitaji ni mtu anayefahamu umeme.

"Aliniambia, Maman, weye uko na betri, uko na maji ya betri, uko na watu banakungojea hapa kila siku," Viviane anakumbuka. "Aliona kila kitu. Mi njo sikuona."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na huyu hakuwa nyoka, alikuwa mjane mwenye ada za shule za watoto wanne. Alikubali.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alichukua chupa ya kioo ya mayonezi, akaiosha, akaijaza maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke, yale yanayoongezwa kwenye betri. Akatumbukiza nyaya mbili za fedha, nene kama spoku ya baiskeli. Waya mmoja akaubana kwenye plasi ya betri, wa pili kwenye minasi. Baada ya muda kitu kama moshi mwembamba kilianza kushuka ndani ya maji kutoka kwenye waya mmoja.

Hizo nyaya zilitoka kwa sonara wa mjini, na sonara alizifua kutokana na fedha inayobaki dhahabu ya machimbo inaposafishwa kwa asidi. Wachimbaji wetu wanakamata dhahabu kwa zebaki, kila mtu Ituri analijua hilo. Ndani ya nyaya zile kulikuwa na nini kingine? Hakuna aliyepima. Sonara alidhani Maman Viviane anataka kuanza kuuza bangili.

Tatizo la kwanza lilikuwa wateja wenyewe. Maji yalitoka meupe pe, kama ya kisima, na watu wakagoma.

"Banasema, Maman, unatuuzia maji ya bure? Dawa gani haina rangi, haina harufu?" anasimulia Viviane. "Nikaenda kwa Docteur. Akasema, tia chumvi."

Alitia chumvi. Umeme ukakimbia kwa kasi ndani ya chupa, maji yakageuka kuwa kama ya kuoshea mchele, na yakiwekwa juani yalikuwa yakiingia weusi kidogo. Watu wakafurahi. Hiyo sasa ni dawa, walisema, inaonekana kwa macho. Hakuna aliyejua kwamba chumvi ile ilikuwa imezidisha ubaya wa kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa na uzuri wowote.

Tatizo la pili lilikuwa hofu ya sumu. Huku kwetu mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Anafungua chupa mbele yako, anamimina kidogo, anakunywa yeye kwanza, ndipo anakukabidhi. Ni heshima na ni usalama. Asiyeonja ana neno moyoni, na kinywaji chake kitabaki mezani mpaka kipoe.

Kwa hiyo Viviane alionja. Alionja kila chupa aliyouza, mbele ya kila mteja, funda moja zima, kwa sababu ukionja kwa ncha ya ulimi watu wanakutilia shaka. Siku za soko alikuwa akionja kuanzia asubuhi mpaka anafunga kibanda. Mteja alikunywa chupa yake moja akaenda zake. Viviane alikunywa katika chupa za wote, zaidi ya miaka miwili, akiwa amekaa juani.

Na Docteur?

"Ha! Docteur!" Viviane anapiga makofi mara moja, kofi la mtu aliyechoka kushangaa. "Yeye hakuonja ata siku moja. Watu bakimwambia onja, anashika tumbo, anasema, bandugu, niko mu jeûne. Mi nilimuheshimu. Nikasema huyu mutu wa Mungu, anafunga kuliko pasta."

Mtu aliyefunga miaka miwili mfululizo, na shavu linazidi kunenepa! Tungeliona wote kama tungetaka kuona.

Ile picha ilipigwa wiki ya kwanza kabisa, mbele ya kibanda, kabla Viviane hajaonja hata chupa kumi. Alikuwa mzima. Hakuwa na homa, hakuwa na vidonda, hakuwa na lolote la kupona. Tharcisse alimwambia acheke, akacheka. Karatasi ziliporudi kutoka kwa mchapaji alikuta maneno "Mi nilipona" chini ya kidevu chake.

"Nilimuuliza, nilipona nini? Akasema, Maman, ni publicité tu, ya kuvuta wateja." Viviane anainamisha macho. "Nikanyamaza. Hapo mi pia nilidanganya watu. Siwezi kusema sikudanganya."

Kucha ndizo zilizoanza. Akadhani ni asidi ya betri. Halafu ufizi, halafu weupe wa macho ukaingia ukungu, halafu watoto shuleni wakaanza kumuuliza binti yake kama mama yake amekufa na kurudishwa. Majirani walitaja uchawi. Kanisani, benchi alilokaa likabaki na nafasi kubwa pande zote mbili.

Alimwendea Tharcisse. Jibu lake linapaswa kuandikwa ukutani ili watoto wetu walisome: alimwambia ni sumu ya zamani inatoka mwilini, kwa hiyo aongeze kipimo. Aliongeza. Kwa miezi mingi aliongeza.

Lydie, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani, ndiye aliyemshika mkono akauangalia bila kuogopa. Alimuuliza anakunywa nini, akampeleka kwa daktari, na wote wawili wakamweleza kitu kile kile. Madini ya fedha yamejaa kwenye ngozi yake, na jua linayatia weusi. Rangi hiyo haitoki kwa sabuni, kwa dawa wala kwa maombi.

"Nilimwambia ukweli, ata kama ukweli ule ulimuumiza," anasema Lydie. "Ile maji haiponyeshe malaria, haiponyeshe typhoïde, haiponyeshe kitu. Kila wiki tunapokea watu banakuya na homa, bamekwisha kunywa ile maji siku mingi, bamechelewa. Na siye tunajua juu ya nini banaikimbilia. Hospitali inabakamata mpaka balipe."

Hapo Lydie amegusa donda. Mgonjwa masikini wa mji huu akipona, anaweza kuzuiwa wodini mpaka ndugu wauze mbuzi. Katikati ya hofu ya ugonjwa na hofu ya malipo ndipo akina Tharcisse wanapojenga vibanda vyao. Anayewapa kiwanja ni nani? Waheshimiwa wanajua, na usingizi wao ni mzuri.

Siku Viviane alipokataa kutengeneza chupa nyingine, Tharcisse hakugombana naye. Alichukua zile nyaya za fedha, akahamia mtaa mwingine, akatafuta mwanamke mwingine. Viviane hamjui mwanamke huyo, lakini anajua kazi yake.

"Anaonja sasa," anasema. "Saa hii tunazungumuza, iko anaonja."

Kitu kimoja tu Tharcisse hakukibadilisha: picha. Uso ule ulikuwa umeshazoeleka sokoni.

Viviane alienda ofisini kushitaki. Hatutaitaja ofisi, kwa kuwa katika hili ofisi zetu zinafanana kama mayai. Alibeba chupa na carte yake ya mpiga kura, iliyopigwa picha miaka ya nyuma. Karani alishika carte, akashika chupa, akalinganisha. Akaridhika kwamba mwanamke wa kwenye carte na mwanamke wa kwenye chupa ni mmoja. Kisha akamwinulia Viviane macho.

"Akasema, sawa, huyu wa carte njo huyu wa chupa. Sasa weye uko nani?"

Alimwambia amlete mwenye picha aje alalamike mwenyewe. Viviane alisimama pale, mwenye picha, mwenye carte, mwenye jina, akaambiwa ampishe anayefuata kwenye foleni. Kwenye vizuizi vya barabarani ni hivyo hivyo: askari anaangalia carte, anaangalia uso, anasema carte ni ya wizi, na hapo maongezi ya "kahawa", yaani hongo, yanaanza.

Redio moja ya mjini inatangaza Nuru ya Mwili kila jioni. Viviane alienda huko pia, akaomba aseme neno. Aliambiwa tangazo limelipiwa, na kukanusha pia kunalipiwa.

Mwandishi wa simulizi hii alimpigia Tharcisse simu. Alikuwa mchangamfu. Alisema kila dawa ina risque, yaani hatari zake, kwamba "yule mama alikunywa bila discipline," na kwamba picha ni mali yake kwa kuwa ndiye aliyemlipa mpiga picha. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe huyanywa maji hayo, alisema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri mpaka swali hilo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mpaka mwezi uliopita alipotokea Godelive.

Godelive anauza makala, yaani mkaa, huko Komanda. Alikuwa amemleta Bunia binti yake, Gentille, mwenye miaka tisa. Mtoto alishikwa na homa ya matumbo, akanyweshwa Nuru ya Mwili asubuhi na jioni, na wakati mama yake anasubiri uponyaji wa kwenye karatasi, utumbo ulitoboka. Madaktari walimpasua. Amenusurika, ana kovu linaloanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu.

Siku hiyo simu ya Godelive ilikuwa imezima. Alifika kibandani, akamnyooshea Viviane, naye akamtania kidogo kama anavyomtania kila mtu: "Mama, hii simu ilikufa au inajifanya?" Akacheka. Mwanya ukaonekana.

Godelive hakuiachia simu. Watu waliokuwapo wanasema alimtazama muda mrefu, wakadhani ameogopa rangi.

"Ni weye," akasema.

Viviane alikuwa ametumia mwaka mzima akiwabembeleza watu waamini maneno hayo. Karani alikataa, askari walikataa, wauzaji wa sokoni walimcheka, wakamwambia huyu wa chupa ni mzuri, weye unamuonea wivu. Mtu wa kwanza aliyemtambua alimtambua kwa hasira.

"Nilikuwa naangalia ile sura kila asubuhi nikimumiminia mutoto," Godelive anaeleza. "Pale kwetu bauzaji bako wengi, banadanganya. Mi nilinunua juu ya ile sura. Nilisema huyu mama anacheka muzuri, hawezi kuniua mutoto. Nilikuwa nataka kumupiga. Kweli, nilinyanyua mukono."

Mkono ulishuka wenyewe. Godelive alikuwa ameanza kuiona rangi.

Viviane hakujitetea. Alitoka nje ya kibanda, akakaa chini kwenye mbao zake, akamwambia yote: chumvi, kuonja, picha, "Mi nilipona". Alimwomba msamaha. Godelive hakumpa siku hiyo, na anasema hata leo hajampa wote.

"Nilimupatia nusu," anasema. "Ile nusu ingine tutaitafuta pamoja."

Wameanza kuitafuta. Wiki iliyopita walikwenda wote wawili kwenye soko dogo la mtaani, bila kelele na bila polisi. Muuzaji mmoja alikuwa amepanga chupa zake juu ya meza, nyuso za Viviane zinacheka kwa safu. Viviane alichukua moja, akailipa, akaifungua, akamrudishia.

"Onja mbele," akamwambia.

Ni ombi ambalo hakuna muuzaji wa Bunia anayeweza kulikataa akabaki na heshima. Muuzaji akapeleka chupa mdomoni. Godelive akamwambia amwangalie kwanza huyo mama anayemuomba, aangalie na mwanya, kisha aangalie karatasi. Muuzaji akaangalia. Akashusha chupa. Watu walikuwa wameshajaa.

Muuzaji alichukua kikapu chake, akazitia chupa zote ndani, akafunika kwa gunia. Viviane anasema hajawahi kufurahi hivyo tangu Paluku afariki.

Hapo Bunia meza moja imefungwa, kwa sababu chupa moja haikuonjwa. Zile za Komanda bado ziko mezani, na Jumamosi hii Tharcisse mwenyewe anapeleka mzigo mpya huko, kama kawaida yake, akiwa na kipaza sauti na koti lake jeupe. Njia ya Komanda si njia ya kuchezea siku hizi kwa ajili ya watu wenye silaha, kila anayeipita anasali kwanza. Viviane ameshampata dereva wa pikipiki. Kibanda kitafungwa siku hiyo nzima, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Zamani alikuwa akijifunika kitenge mpaka machoni kila alipotoka. Kwa safari hii ameamua atakaa uso wazi njia nzima, hata kwenye vizuizi.

Hataki fidia, anasema, kwa sababu fidia ya ngozi haijulikani. Anataka karatasi zile zibanduliwe, na anataka yule mwanamke asiyemjua aache kuonja kabla kucha zake hazijageuka. Atabeba chupa moja, ile iliyo kwenye rafu, haijafunguliwa. Atamfungulia Docteur mbele ya soko zima, ampe kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka.

Lakini Tharcisse anajulikana. Akisema tena kwamba amefunga?

Viviane anamtazama Godelive, aliyekuja kuchukua simu yake. Godelive ndiye anayejibu.

"Hakuna shida. Tutaleta viti. Tutakaa naye pale pale, siye na soko yote, mpaka saa yake ya kula ifike."